Nilivyowatembeza Watu wa Mbeya Mitaa ya Minato

Mwezi uliopita nilikabidhi ofisini vitu vyangu vya kazi: bendera ndogo ya kitenge iliyofungwa kwenye mpini wa mwavuli, daftari la namba za simu, na ramani iliyokunjwa mara nyingi hadi mikunjo yake imetoboka. Waliopokea nafasi yangu ni vijana wawili hodari, na waliniomba niwaandikie yale ambayo hayamo kwenye ramani. Hafla ya kuniaga sitaieleza. Hotuba zilikuwa nyingi kuliko pilau.

Kijapani nilijifunzia Iringa. Wakati huo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Kihesa, na nyumba ya jirani alipanga mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, kijana wa hesabu ambaye hakujua kuwasha jiko la mkaa. Jioni moja nilimkuta akilia kwa moshi, nikamsaidia. Kuanzia siku hiyo mimi nilimfundisha jiko, yeye akanifundisha herufi. Muda wake ulipokwisha alikuwa anawasha mkaa vizuri kuliko mimi, nami niliweza kusoma maandishi ya kwenye pakiti za tambi alizotumiwa na mama yake. Baadaye nilipata nafasi ya kwenda kusoma lugha hiyo Tokyo, na niliporudi nikaajiriwa Mbeya na kampuni ndogo iliyopeleka watu Japani kwa safari za mafunzo: wakulima wa kahawa kutoka Mbozi, mafundi wa karatasi kutoka Mgololo, wauguzi, wafanyabiashara wa Mwanjelwa.

Ziara za mashamba na viwanda zilikuwa na wakalimani wao kule. Kazi yangu hasa ilikuwa siku moja ya mapumziko, ambayo kila kikundi kilipewa kabla ya kurudi nyumbani. Hosteli yetu ilikuwa mtaa wa Shiba, katika manispaa ya Minato, mojawapo ya manispaa zinazounda jiji la Tokyo. Hapo ndipo balozi nyingi zilipo, na ukisimama kwenye kona moja kwa muda wa kunywa chai unasikia lugha nne. Kwa hiyo mimi nimezunguka dunia kwa kuzunguka manispaa moja.

Kabla ya safari niliwakusanya wasafiri ukumbini, mara Iringa, mara Mbeya, nikawachorea Minato ubaoni. Niligundua mapema kwamba majina peke yake hayakai kichwani. Basi nikawa nawaambia: Azabu ni kama Gangilonga ya Iringa, mlimani, kwenye miti na mageti, wanakokaa wakubwa na mabalozi. Roppongi ni maghorofa ya vioo na muziki, huko hamtaenda bila mimi. Akasaka ni ofisi, mvae viatu vya heshima. Shinbashi ni mahali wafanyakazi wanapokula mishikaki chini ya reli baada ya kazi, wamelegeza tai, na hapo mtajisikia nyumbani. Odaiba ni nchi iliyotengenezwa kwa kujaza bahari. Hapo kila mara mtu mmoja alinyoosha mkono kuuliza kama kujaza bahari kunaruhusiwa kwenye Maandiko. Nilijibu kwamba mimi ni mkalimani.

Siku yangu ya kwanza na kikundi nilimpoteza mtu. Tulikuwa tunatoka kituo cha Shinbashi, watu wanamiminika kama siafu, na nilipofika nje nikahesabu vichwa, kimoja hakipo. Alikuwa mzee mkulima wa kahawa, Mzee Mwashiuya. Nilikimbia huku na huku hadi shati likaloa. Nikamkuta kwenye uwanja mbele ya kituo, penye injini ya kale ya treni ya moshi iliyowekwa kama kumbukumbu. Ameshika gurudumu lake, anamweleza mzee mmoja wa Kijapani jambo kwa Kinyiha, lugha ya kwao Mbozi, na yule anamjibu kwa Kijapani. Wanacheka wote wawili.

“Mzee, umenitisha,” nikamwambia.

“Mwalimu, subiri kidogo,” akasema. “Huyu ndugu yangu hajamaliza.”

Walikuwa wanaelewana kuliko nilivyokuwa nimewaelewesha mimi asubuhi nzima.

Aliyenifundisha kazi vizuri ni Bi. Kayo, mwongoza wageni wa Kijapani, mwanamke mfupi wa umri wa mama yangu, aliyezaliwa hapohapo Minato na kuitembea yote kwa miguu. Kampuni ilimkodi anisaidie misimu ya mwanzo. Alinifundisha mambo ambayo hadi leo ndiyo kazi yenyewe. Usizungumze huku unatembea. Simama, wasubiri wa mwisho wafike, wapumue, ndipo useme. Jua vyoo vilipo kabla ya kujua vivutio vilipo. Wahesabu watu kwa viatu, kwa sababu kofia na makoti watabadilishana. Beba plasta, kwa kuwa kila mtu husafiri na viatu vipya. Mgeni Mwislamu usingoje aulize. Mtangulie kumwonyesha pa kuswalia pale Azabu, na umjulishe chakula kisicho na nguruwe kipo wapi.

Alinionyesha kwamba barabara za Azabu zinapanda na kuteremka, na kila mteremko una kibao chenye jina lake na sababu ya jina hilo. Alinipandisha ngazi za mawe za Atago, zilizosimama wima kama ukuta. Kule juu wanapaita mlima. Mafundi wangu wa Mgololo walipofika kileleni wakatazama chini, wakatazamana, mmoja akasema, “Mwalimu, mlima wenyewe uko wapi?” Bi. Kayo aliniuliza wamesema nini. Nikamwambia wameusifu.

Hakucheka. “Usifanye hivyo,” akasema. “Niambie walichosema.”

Nikamwambia. Akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Kisha akafuta macho, akaniambia kwamba mkalimani anayelainisha maneno ya watu anamnyima msikilizaji watu hao wenyewe. Nilimwitikia, nikamwinamia kwa adabu zote, na nikaendelea kulainisha. Nilikuwa nimeshaona kwamba wageni hufurahi ukilainisha, na bosi hufurahi wageni wakifurahi. Nilisifiwa kwa miaka mingi kwa kasoro hiyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikubali kuandika.

Mwaka mmoja tulipeleka kikundi cha akina mama wakulima wa chai kutoka upande wa Tukuyu, pamoja na wazee wa kanisa wawili walioongozana nao. Miongoni mwao alikuwepo Mama Atupele, mwanamke wa makamo, mtulivu, aliyekaa kiti cha mwisho kwenye kila basi. Atupele ni mtoto wake wa pekee, na kwa Kinyakyusa jina hilo lina maana ya kwamba Mungu ametupatia. Siku ya mapumziko niliwapeleka kwenye hekalu kubwa la Shiba, ambalo nyuma yake umesimama ule mnara mwekundu wa Tokyo. Wazee wa kanisa hawakupenda kuingia. Mmoja alishaniuliza mara mbili kama tunaenda kutazama au kuabudu. Na tulikuwa tumechelewa, kwa sababu saa sita tulitakiwa Akasaka kwa chakula na wenyeji wetu.

Kando ya hekalu, kwenye njia yenye miti, kuna sanamu ndogo za mawe zimepangwa safu kwa safu, mamia. Zina nyuso za watoto. Kila moja imevikwa kofia nyekundu ya kufumwa, na pembeni yake imechomekwa feni ndogo ya karatasi inayozungushwa na upepo. Asubuhi ile upepo ulikuwepo, na feni zote zilikuwa zinazunguka kwa pamoja, zikilia kama majani makavu.

Mama Atupele akasimama. Ilikuwa mara ya kwanza safari nzima anaongea nami bila kuulizwa.

“Mwalimu, hawa watoto ni akina nani?”

Nilijua. Bi. Kayo alinieleza siku ya kwanza tuliyopita pale. Ni kwa ajili ya watoto waliokufa kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au wakiwa wachanga. Wazazi huja kuwavika, kuwaletea midoli, kukaa nao. Nilijua yote, na maneno ya Kiswahili ya kuyaeleza yalikuwepo, wala hayakuwa magumu. Lakini nilitazama saa, nikawatazama wazee wa kanisa, nikaona mjadala mrefu unakuja, na akina mama wakiingia Akasaka na macho mekundu.

“Ni mapambo tu, mama,” nikasema. “Ya sikukuu ya watoto.”

“Kumbe!” Uso wake ukafunguka. Akainama akapuliza feni moja izunguke zaidi. Sanamu moja kofia yake ilikuwa imeteleza juu ya jicho, akaiweka sawa kwa vidole viwili. Akawaita wenzake, wakajipanga mbele ya zile sanamu, wakanipa simu niwapige picha. Mmoja akatania jambo kwa Kinyakyusa, wote wakaangua kicheko, na nikapiga wakati huohuo wa kicheko. Ilikuwa picha nzuri sana.

Nilipogeuka nikamwona mwanamke kijana wa Kijapani amesimama hatua chache nyuma yangu, ameshika mfuko wa karatasi wenye kidoli ndani. Alikuwa anasubiri tumalize. Akaniinamia kwa heshima. Nami nikainama. Nikainua bendera yangu ya kitenge, tukaondoka.

Jioni Bi. Kayo aliniuliza niliwaambia nini pale. Nikamweleza, nikasingizia saa. “Basi wamepita,” akasema, “lakini hawakufika.” Hakulirudia tena, na sikumwomba alieleze. Miaka michache baadaye alifariki, na nilipata habari kwa barua ya binti yake, maziko yakiwa yameshapita.

Nilikwenda Japani na vikundi vingine vingi, na pale kwenye sanamu nikawa napita upande wa pili wa hekalu. Hayo nayo yalikuwa maamuzi ya kazi, nilijiambia.

Kisha siku moja simu ikaita nikiwa nyumbani Iringa. Sauti ya mwanamke, ya upole, ikanisalimu na kujitambulisha. Nilimkumbuka alipotaja chai.

“Mwalimu, nina swali dogo. Ukipita Tukuyu, fika nyumbani.”

Nilifika wiki iliyofuata. Nyumba yake iko ndani ya migomba, na mvua ilikuwa inanyesha ile ya Rungwe isiyo na haraka. Ukutani, ndani ya fremu ya mbao, ilikuwepo picha yangu. Wote wanacheka. Mama Atupele yuko katikati, mkono wake uko juu ya kichwa cha sanamu.

Alinikaribisha chai kwanza, na kande. Tulipomaliza ndipo akaniambia kwamba muuguzi wa Kijapani anayejitolea kwenye kituo chao cha afya alimtembelea siku ile ya simu. Aliiona picha, akauliza kwa Kiswahili chake cha kujifunza kama mama anajua mahali pale ni wapi.

“Nikamwambia ni mapambo ya sikukuu,” Mama Atupele akasema. “Yule binti akaona haya. Akanieleza.”

Nikaweka kikombe chini.

“Kabla ya Atupele nilizaa wawili, mwalimu. Wote hawakulia. Wa kwanza niliruhusiwa kumwona, wa pili hapana. Akina mama waliwachukua wakawazika huko nyuma ya migomba, wakaniambia nisilie, nikilia nitafunga njia ya anayekuja. Sikulia. Atupele akaja, watu wakasema unaona.” Akaisogeza sahani. “Mimi sijawahi kuona mahali watu wanakaa na watoto wa namna ile. Sikujua kama pako. Nikafika, nikasimama hapohapo. Na nikacheka.”

“Nisamehe, mama.”

“Nimecheka mbele yao, na picha nimeitundika ukutani.”

“Mama, nisamehe. Nilikuwa na haraka.”

“Najua. Ulikuwa unatazama saa.” Hakuwa na hasira, na hilo lilinielemea zaidi. Akaenda chumbani, akarudi na kofia mbili nyekundu za sufu, ndogo, kila moja inaenea ngumi. “Utakwenda tena?”

“Nina safari moja imebaki, mama, kisha nastaafu.”

“Nipelekee.”

Nilizibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, sikuthubutu kuziweka kwenye begi. Kikundi hicho cha mwisho kilikuwa cha wafanyabiashara wa Mbeya na Iringa, watu wa kuuliza bei ya kila kitu. Siku ya mapumziko nikawaleta Shiba, na safari hii niliwasimamisha kwenye sanamu, nikawaeleza ukweli wote, neno kwa neno. Wakavua kofia zao. Mzee mmoja Mwislamu, mwenye duka la vitambaa, akasoma dua kimya mikono ikiwa wazi. Nilifikiri, mbona ilikuwa rahisi hivi.

Nikawaomba wanisubiri, nikaenda ofisi ya hekalu. Huko nikaambiwa kila sanamu ina familia yake, haifai kumvika mtoto wa mtu kofia ya mtoto mwingine. Lakini mtawa kijana aliyenipokea alinisikiliza hadi mwisho. Akasema kofia atazipokea, ataziweka mbele ya madhabahu, na watoto wataombewa. Akavuta karatasi na kalamu.

“Majina yao?” akauliza.

Nikasema hawakupewa majina. Akasema kwa upole kwamba kama mama angependa kuwapa sasa, inawezekana, yeye atasubiri.

Simu ilikuwa mfukoni. Kwetu ilikuwa asubuhi, Mama Atupele ameshaamka, pengine ameshika jembe. Nje mvua ilikuwa imeanza, watu wangu wako chini ya miavuli, na dereva wa basi alishanionya kwamba pale haruhusiwi kusimama zaidi ya dakika chache. Nikajiambia: kumuuliza jambo hili kwa simu ni kumtonesha kidonda. Nikajiambia: atalia peke yake shambani. Nilijiambia ni huruma. Ilikuwa ni haraka ileile, imebadilisha shati.

Nikachukua kalamu nikaandika: Neema. Baraka.

Niliporudi nilikwenda Tukuyu moja kwa moja kabla ya kupumzika. Nilimweleza Mama Atupele kila kitu: madhabahu, mtawa, jinsi alivyozipokea kofia kwa mikono miwili. Alisikiliza ameinamisha kichwa, akisema “ndaga, ndaga,” yaani asante, kila nilipotua. Picha ilikuwa haipo ukutani, umebaki msumari.

“Hawakukuuliza kitu?” akasema.

Hapo ningeweza kulainisha tena. Nilikuwa na miaka mingi ya mazoezi. Lakini nilimwambia.

“Waliuliza majina, mama.”

Akainua kichwa. “Ukawaambiaje?”

“Niliandika Neema na Baraka.”

Aliyarudia polepole, kama mtu anayeonja. “Neema na Baraka. Ni majina mazuri.” Kisha akaniuliza, na alikuwa anataka kujua kweli, “Ni watoto wa nani hao?”

Mvua ilikuwa juu ya bati. Nilisema nilidhani hawakuwa na majina.

“Walikuwa nayo. Niliwapa mimi mwenyewe, moyoni, hata baba yao hakujua. Miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza, mwalimu. Si mama yangu, si mchungaji, si daktari. Wakaja kuuliza watu wa mbali, wasionijua.” Akakunja kanga yake magotini. “Ukajibu wewe.”

“Niambie, mama. Nitaandika barua kwa Kijapani, leo hii. Watarekebisha.”

Niliona anayatafuta, niliona midomo yake inaanza la kwanza. Kisha akaifunga.

“Hapana,” akasema. “Kofia nilikupa. Majina nitabaki nayo.”

Akanisindikiza hadi barabarani chini ya jani la mgomba, kama anavyosindikizwa mgeni, akaniombea safari njema. Nimempigia simu mara mbili tangu wakati huo. Anapokea vizuri, tunasalimiana, ananijulisha habari za Atupele na wajukuu, na mimi namaliza simu bila kuuliza, kwa kuwa sasa ni lake kusema.

Nyinyi mlioshika ile bendera mtafika Shiba mwezi ujao na kikundi chenu. Sanamu ziko upande wa kulia, kwenye miti. Na mkiingia ofisi ya hekalu, mwandiko mtakaouona kwenye ile karatasi ya majina, ulionyooka, usio na kosa hata moja la herufi, ni wangu.